Mwenye grinikadi kushika usukani wa boti iliyosajiliwa Coast Guard: ni kosa kweli au ni porojo za gatini?

#1 Pweza_wa_Chesapeake
Wakuu salaam. Rafiki yangu, mtu wa Tanga aliyeshachukua uraia wa huku Marekani, ana boti ya matanga ya futi 34, ameifunga kwenye kijito karibu na Annapolis, Maryland. Haina namba za jimbo ubavuni. Ina jina na mji tu shetrini, kwa sababu imesajiliwa serikali kuu kule Coast Guard, walinzi wa pwani. Mwezi ujao anakwenda nyumbani na ameniambia niitumie nitakavyo, mradi isikae tu ikaota chaza chini. Mimi nina grinikadi, uraia bado.

Jumamosi mzee mmoja wa boti ya jirani akaniambia: "Wewe si raia, boti yenye hati ya shirikisho huwezi kuwa nahodha wake. Wakikukuta wanaitaifisha." Na alisema kwa upole kabisa huku ananimiminia kahawa, ndiyo maana nimeingiwa na hofu. Angekuwa mkali ningempuuza. Kuna ukweli hapo?

#2 Dagaa_Mchele
Mkuu umetoka Bongo ukakwepa daladala, sasa unatafuta kesi majini. Kaa nchi kavu, kuna mabasi.

#3 Mwanasheria_Uchwara
Mzee yuko sahihi. Sheria za meli za Marekani, juzuu ya 46, kifungu 8103: ni raia wa Marekani pekee anayeweza kuwa nahodha, injinia mkuu au ofisa wa zamu kwenye chombo chenye hati. Haisemi meli ya mizigo wala meli ya abiria. Inasema chombo chenye hati. Boti ya rafiki yako ina hati. Umekwisha.

#4 Nahodha_Fumba
Mwanasheria, umeruka maneno ya mwanzo ya kifungu chako mwenyewe. Kinaanza kwa kusema "isipokuwa pale ambapo juzuu hii imeeleza vingine". Na imeeleza vingine kwenye 12131: chombo chenye hati kiwe chini ya amri ya raia, ISIPOKUWA chombo chenye idhini ya starehe peke yake (idhini ni matumizi yaliyoandikwa kwenye hati), na tishari lisilo na watu likiwa nje ya maji ya Marekani. Hata kifungu cha adhabu, 12151, kinapotaja kutaifisha chombo kilichokabidhiwa kwa asiye raia, kinazitoa boti za starehe kwa maneno hayohayo.

Pweza, tweka tanga. Nimefanya kazi kwenye boti za watu Florida muda mrefu na hili swali linazaliwa upya kila msimu.

#5 Mwanasheria_Uchwara
Kaka Nahodha, "imeeleza vingine" ni tafsiri yako. 8103 iko kwenye sehemu ya mabaharia na 12131 iko kwenye sehemu ya usajili. Hakimu akiamua kuzisoma kila moja peke yake?

#6 Nahodha_Fumba
Zote ziko juzuu ya 46, na 8103 imesema "juzuu hii", haikusema "sehemu hii". Soma polepole.

#7 Bint_Raskazone
Ngoja niwape yaliyonikuta, maana nadhani yule mzee wa kahawa amechanganya kumiliki na kuendesha.

Mume wangu ni raia wa kuzaliwa, mimi wakati ule nilikuwa na grinikadi. Tukanunua boti ya mota ya futi 31. Mkataba wa mauziano ukaandikwa majina yetu yote mawili, kimapenzi kabisa. Tukapeleka makaratasi kituo chao cha hati kilichoko Falling Waters, West Virginia. Yakarudi. Wenye chombo kwa pamoja ni lazima WOTE wawe raia. Grinikadi haihesabiki, hata ukiwa umelipa kodi miaka ishirini. Ikabidi mkataba uandikwe upya kwa jina lake peke yake, na mama mkwe akafurahi kuliko ilivyostahili.

Lakini baada ya hapo mimi ndiye niliyekuwa nashika usukani, kwa sababu mwenzangu akikaa kwenye usukani anachafukwa tumbo. Coast Guard walipanda mara moja. Wakaangalia hati, maboya ya kuvaa, mitungi ya kuzimia moto na choo. Uraia wangu hawakuuliza.

#8 Baharia_wa_Baltimore
Dada Bint umenena. Ni kama kadi ya gari na leseni ya udereva, vitu viwili tofauti.

#9 Mwanasheria_Uchwara
#7 Kutoulizwa si kuruhusiwa. Na ilikuwa bahati, maana hao jamaa wanaweza kupanda boti yako bila kibali cha mahakama.

#10 Dagaa_Mchele
Mama mkwe aliyefurahi kuliko ilivyostahili ndiye anayehitaji uzi wake.

#11 Mpemba_Ughaibuni
Asalam aleikum. Mimi naona hofu yote hii inatoka kwa makampuni ya bima. Nilipoomba kuongezwa kwenye bima ya boti ya shemeji yangu, karani akaniambia kwenye simu "sheria ya shirikisho hairuhusu". Nikamwomba namba ya sheria. Akasema ataniulizia kwa meneja. Siku ya pili meneja akasema si sheria, ni masharti yao: mwendeshaji lazima atajwe kwa jina, awe na uzoefu wa boti ya ukubwa huo, na wao ndio wanaamua. Kwa hiyo Pweza, hata ukishinda hoja za vifungu, jina lako lisipokuwemo kwenye bima, siku ukigonga boti ya yule mzee utalipa mwenyewe.

#12 Mtoto_wa_Forodhani
Swali la mjinga: kwa nini mtu asajili serikali kuu badala ya jimbo? Si usumbufu tu?

#13 Baharia_wa_Baltimore
#12 Benki. Ukikopa pesa nyingi ya boti, benki inataka rehani inayotambulika kila jimbo, na hiyo inapatikana kwa chombo chenye hati. Pia ukienda Bahamas au Bermuda ile hati inaheshimiwa kuliko karatasi ya jimbo. Sharti liwe tani 5 halisi, na hizo tani si uzito, ni nafasi ya ndani. Boti nyingi zinazozidi futi 25 zinafika. Na gharama si kubwa, dola 26 kwa mwaka, boti ya starehe unaweza kulipia mpaka miaka 5 kwa mpigo, dola 130. Angalieni tu zile barua zenye nembo za tai zinazokuja nyumbani zikidai mara mbili tatu ya hiyo. Hizo ni za makampuni binafsi, si serikali.

Wengine wanasajili kule wakidhani watakwepa kodi ya jimbo. Maryland wanataka asilimia 5 yao ukiitumia zaidi huku, uwe na hati au usiwe nayo, na kuna stika yao ya kubandika.

#14 Tajiri_Mtarajiwa
Mnahangaika bure. Fungua kampuni Delaware, boti iwe ya kampuni. Kampuni ni "raia".

#15 Nahodha_Fumba
#14 Nusu ya kweli ndiyo inayopeleka watu pabaya. Kampuni iwe imeandikishwa Marekani, mkurugenzi mtendaji awe raia, mwenyekiti wa bodi awe raia, na wajumbe wa bodi wasio raia wasifike nusu ya idadi inayotimiza akidi. Kwa idhini ya starehe hawakuulizi nani ana hisa. Ukitaka idhini ya biashara ya mwambao, yaani kubeba mizigo au abiria wa kulipa kati ya bandari za Marekani, ndipo wanataka asilimia 75 ya hisa iwe mikononi mwa raia. Sasa wewe uko peke yako na grinikadi yako, bodi utaiunda na nani?

#16 Tajiri_Mtarajiwa
Shemeji wa Mpemba.

#17 Mpemba_Ughaibuni
Shemeji yangu mwacheni.

#18 Pweza_wa_Chesapeake
Shukrani wakuu. Nahodha umesema "idhini ya starehe peke yake". Jana nimeipata ile hati. Imekaa kwenye bahasha ya plastiki ndani ya droo ya ramani, karatasi moja tu, na kona imelowa maji ya ngama. Juu kuna jina la boti na namba ya serikali, ileile iliyochongwa kwenye ubao ndani ya boti, tarakimu za inchi 3 na "NO." mbele yake. Kisha tani, urefu, mwaka na mahali ilipoundwa, Rhode Island. Chini kidogo sehemu ya idhini za matumizi imeandikwa mbili: biashara ya mwambao, na starehe.

Rafiki yangu anasema mwenye boti wa kabla yake alikuwa anabeba watalii kutwa pale bandarini, na wakati wa kubadilisha jina aliyemjazia fomu alitiki zote mbili ili bei isishuke akija kuuza. Yeye hajawahi kubeba abiria wa kulipa hata mmoja.

#19 Mwanasheria_Uchwara
HAPO SASA. "Peke yake" imekufa. Namsubiri Nahodha.

#20 Nahodha_Fumba
Nipo. Hapo mambo yanabadilika, sibishi. Msamaha umeandikwa kwa chombo chenye idhini ya starehe peke yake. Hicho kina mbili. Kwa maandishi yalivyo, kinataka nahodha raia hata kama mnakwenda kula kaa St. Michaels na watoto.

#21 Baharia_wa_Baltimore
Mimi sikubali. Sheria inaangalia chombo kinafanya nini siku hiyo. Boti yenye idhini ya mwambao inaruhusiwa kutumika kwa starehe. Ikitumika kwa starehe, ni chombo cha starehe. Ofisa gani atasimamisha familia na kikapu cha samosa eti kuna neno la ziada kwenye karatasi?

#22 Mwanasheria_Uchwara
#21 Sheria ingetaka kuangalia matumizi ingesema "chombo kinachotumika kwa starehe". Imesema "chenye idhini ya starehe peke yake". Wameangalia karatasi.

#23 Bint_Raskazone
Mimi nina swali tofauti. Nani kasema anayeshika usukani ndiye nahodha? Mimi nilikuwa nashika, mume wangu yuko chini amelala na ndimu puani. Akiamka akasema rudi, tunarudi. Kama mwenye boti ni raia na yuko ndani, amri ni yake. Shida ya Pweza ni kwamba mwenye boti atakuwa Tanga.

#24 Baharia_wa_Baltimore
Basi Pweza atafute raia yeyote wa kukaa ndani. Mzee wa kahawa yupo.

#25 Nahodha_Fumba
#24 Raia wa kukaa kama mzigo hana amri. Amri maana yake ndiye anayeamua mkondo, ndiye anayejibu ajali ikitokea. Ukimweka mtu asiyejua omo wala tezi, ofisa akimuuliza maswali mawili tu anajua nahodha ni nani. Ingawa dada Bint ana hoja: kushika usukani peke yake hakukufanyi nahodha, na ndiyo maana sikumpinga #7.

#26 Dagaa_Mchele
Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa boti haijafunguliwa hata kamba.

#27 Mwalimu_Mwambao
Habari za humu. Wengi mnasoma vifungu bila kujua vilikotoka. Bunge la kwanza la Marekani, mwaka 1789, moja ya mambo ya awali kabisa waliyopitisha ni ushuru wa tani: meli iliyoundwa Marekani na kumilikiwa na raia senti 6 kwa tani, iliyoundwa Marekani lakini ikamilikiwa na mgeni senti 30, ya kigeni kabisa senti 50. Mwaka huohuo wakaweka sheria ya kusajili vyombo, ili ijulikane ni chombo cha nani na kinastahili ushuru upi. Uraia wa mwenye meli na wa nahodha ulikuwa jambo la pesa. Boti za starehe zilidandia baadaye gari lililokwisha kuondoka, ndiyo maana maneno hayakai sawa mpaka leo.

#28 Mpemba_Ughaibuni
Mwalimu, mimi nilisikia ni mambo ya vita. Serikali ikipata dharura inaweza kuchukua vyombo vyenye hati, hivyo inataka nahodha wa kwake.

#29 Mwalimu_Mwambao
#28 Hilo lipo pia. Serikali ina uwezo huo kisheria wakati wa dharura ya kitaifa. Na mwaka 1942 nyambizi za Wajerumani zilipokuwa zinazamisha meli pwani ya mashariki, boti za matanga za matajiri zilikusanywa kufanya doria, kwa sababu hazina kelele ya injini. Wenyewe waliliita jeshi la wahuni. Hemingway, yule mwandishi wa Kimarekani, naye alikuwa anazunguka Cuba na boti yake ya kuvulia akitafuta nyambizi. Lakini sharti la uraia lilikuwepo miaka mia moja na hamsini kabla ya nyambizi hizo, kwa hiyo vita haiwezi kuwa mzizi.

#30 Mwanasheria_Uchwara
Mwaka 1789 pia walikuwa na hofu ya Waingereza. Pesa na vita vilikuwa nyumba moja. Huwezi kuvitenganisha, Mwalimu.

#31 Kijana_wa_Nungwi
Nawasoma kutoka Nungwi. Huku ngalawa ya mzee wangu nahodha ni yule aliyeamka wa kwanza.

#32 Mtoto_wa_Forodhani
#31 😂 Na hati yake ni lile jicho lililochorwa omoni.

#33 Baharia_wa_Baltimore
Turudi kwa Pweza. Ndugu yangu, una cheti cha usalama wa boti? Maryland aliyezaliwa kuanzia Julai 1, 1972 lazima awe nacho akiendesha boti yenye mota, na boti ya matanga ukiwasha injini kutoka gatini imeshakuwa ya mota. Mimi naona watu wanakamatwa kwa hili kuliko hilo la uraia. Angalia na mitungi ya moto: ile ya kutupwa inakwisha muda wake miaka 12 baada ya kutengenezwa, mwaka umepigwa chini ya mtungi.

#34 Pweza_wa_Chesapeake
Cheti ninacho. Mitungi nimeangalia leo, mmoja umepigwa 08. Nimeununulia mwenzake.

#35 Tajiri_Mtarajiwa
Pweza, kama boti ina idhini ya mwambao si ubebe watu sita sita kwa hela? Rafiki akirudi anakuta faida.

#36 Nahodha_Fumba
#35 Acha. Kubeba abiria wa kulipa kunahitaji leseni ya nahodha. Ile ya abiria sita asiye raia anaweza kuipata, lakini inafungiwa kwenye vyombo VISIVYO na hati ya shirikisho. Yaani angeweza kufanya kazi hiyo kwenye boti ya namba za jimbo, si kwenye hii. Hilo pia linaniambia serikali inaposema chombo chenye hati inamaanisha.

#37 Mpemba_Ughaibuni
Na kuchangia mafuta je? Sisi wanne tukienda kuvua kila mtu anatoa kitu.

#38 Nahodha_Fumba
Kuchangia gharama halisi za safari kwa hiari, mafuta, chakula, vinywaji, sheria haihesabu kuwa malipo. Ukimwambia mtu "usipotoa ishirini hupandi", hiyo si hiari tena.

#39 Dagaa_Mchele
Basi konda wa Mbagala angefungwa maisha.

#40 Pweza_wa_Chesapeake
Mrejesho. Rafiki amekubali kujaza fomu ya CG-1258 kuomba hati mpya yenye starehe peke yake. Anasema bei ya boti ikishuka nitamfidia kwa kusugua chini yake kila majira. Bima wameniongeza, wamenitaka tu nipande na mwalimu mara ya kwanza. Swali langu: fomu ikishapelekwa naweza kuanza, au nisubiri hati yenyewe ifike?

#41 Mwanasheria_Uchwara
Usubiri. Mpaka hati mpya itoke, iliyopo ni ile yenye mbili.

#42 Baharia_wa_Baltimore
Mimi ningekwenda. Nakala ya maombi ndani ya droo, familia ndani ya boti, hakuna biashara yoyote.

#43 Bint_Raskazone
Subiri hati, au nenda na mwenye boti kabla hajasafiri, yeye akiwa nahodha na wewe ukishika usukani. Ujifunze boti inavyogeuka wakati mwenyewe yupo. Na fomu ya uraia unaijaza lini? Umeshatimiza miaka 5, au miaka 3 ya ndoa ya raia?

#44 Pweza_wa_Chesapeake
Dada hayo ni ya inbox.

#45 Kimya_Mkoloni
Wakuu mimi niko Toronto, uraia wangu ni wa Kanada, binamu yangu ana boti ya hati huko Buffalo, idhini yake ni ya starehe tu. Nikiichukua upande wa Kanada nikarudi nayo, mnasemaje?

#46 Nahodha_Fumba
Kimya, kwenye usukani huna kesi. Kesi yako iko kwenye kuripoti. Kila ukirudi upande wa Marekani unawajulisha forodha na uhamiaji, wana programu ya simu inaitwa CBP ROAM, na wewe kama mgeni wanaweza kukuita ufike ana kwa ana. Usifunge gatini ukaenda kununua mkate kwanza.

#47 Mwanasheria_Uchwara
Nahodha, kabla hujamwambia "huna kesi", mimi bado sijakubali tafsiri yako ya 8103.